Websaiti ya kuandikiwa kuanzia sifuri: nani anaihitaji kweli na nani anamaliza hela bure

Niseme mapema kabisa ili asiye na muda aondoke na jibu: biashara nyingi hazihitaji websaiti ya kuandikiwa kuanzia sifuri, yaani ile ambayo fundi anakuandikia programu yake kwa ajili yako badala ya kutumia iliyotengenezwa tayari, na zile chache zinazoihitaji huwa zinachelewa kujijua kwa sababu zinaangalia kitu kisichohusika. Wanaangalia muonekano, wanaangalia ukubwa wa kampuni, wanaangalia mshindani wao kafanya nini. Swali lenyewe ni moja tu, hiyo tovuti inabeba nini na inafanya kazi gani. Kama inabeba picha, maelezo na namba ya simu, usijisumbue kabisa. Kama inabeba siri za watu wengine, au kama ndani yake kuna kazi ambayo hakuna programu ya kununua inayoifanya vile nyie mnavyoifanya, basi hapo tukae tuongee.

Mi kazi yangu ni hizi hizi tovuti, nimezisimamia za aina zote tatu kwa niaba ya watu, za majukwaa ya kulipia kwa mwezi, za WordPress (programu huria ya kuendeshea tovuti) na za kuandikwa upya, kwa hiyo natoa maoni yangu kwa kila aina, ila ile ya kuandikiwa ndo nitakaa nayo zaidi maana ndo inayoumiza watu.

Tuanze na majukwaa, akina Wix, Squarespace na Shopify. Nyota 4 kati ya 5, na sina ubishi na mtu. Kuna wanaoyadharau eti ni ya wasiojua mambo, lakini ukitazama upande wa usalama utaona jamaa wana timu nzima ambayo kazi yake usiku na mchana ni kuziba matundu, cheti cha kufanya anwani yako ianze na https kinakuja chenyewe, seva haikuhusu, apdeti haikuhusu, na Shopify maduka yake yote yanafuata PCI DSS, yaani vile viwango vya usalama vilivyowekwa na kampuni za kadi, ambavyo ukisema uvitimize peke yako utatoka jasho. Na historia ya hao Shopify naipenda sana. Mwaka 2004 Tobias Lütke alitaka kuuza mbao za kutelezea kwenye theluji mtandaoni, akapitia programu za maduka zilizokuwepo kipindi kile hakuna iliyomridhisha, akaandika ya kwake, na kufika 2006 ile programu ndo ikawa biashara yenyewe. Watu wananitajia hiyo stori kama ushahidi kwamba kila mtu aandikiwe ya kwake, mi naona inasema kinyume: aliandika kwa sababu kitu alichokitaka hakikuwepo. Leo kipo, kimeandikwa na yeye. Kama unauza vitu vya kawaida kwa njia ya kawaida, kwa nini umlipe mtu akuandikie upya kikapu cha manunuzi?

Nyota moja nimeibana kwa sababu kuna mahali utagonga ukuta. Unataka kitu kidogo tu, mteja wa aina hii alipe nusu kwanza, yule alipe mwisho wa mwezi, huyu mwingine asione bei mpaka meneja amuidhinishe, unakuta hakipo, au kipo kwenye kifurushi cha juu, au kipo kama programu ya nyongeza, afu na hiyo nyongeza inahitaji nyongeza nyingine. Na kutoka nako kuna kazi yake, Wix kwa mfano wenyewe wanasema wazi kwamba tovuti uliyoijenga kwao huwezi kuichukua ukaiweke kwenye seva ya mtu mwingine, ukihama unajenga upya. Sio ubaya, ndo masharti yao, ila uyajue kabla hujaingiza bidhaa zako zote humo.

WordPress naipa nyota 4 kama una mtu wa kuiangalia na 2 kama huna. Imekuwepo tangu 2003 na inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, kwa hiyo ule msemo wa "WordPress inadukuliwa tu" mi huwa naukataa. WordPress yenyewe imetunzwa vizuri, tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013 marekebisho madogo ya usalama yanajiweka yenyewe. Tatizo linakujaga kwenye plagini, yaani vipande vya nyongeza unavyoviweka ili tovuti ifanye kazi zaidi. Kila plagini ni msimbo (maandishi ya programu) wa mtu usiyemjua unaoendeshwa ndani ya nyumba yako, wengine wako makini sana, wengine waliiandika wakaichoka wakaenda zao. Septemba 2020 kuna plagini ya kupanga mafaili, File Manager, ilikuwa kwenye tovuti zaidi ya laki 7, ikagundulika ina tundu linalomruhusu mtu yeyote, bila hata kuingia kwa akaunti, apakie faili lake kwenye seva na kuliendesha, na wadukuzi walikuwa wameshaanza kulitumia wakati dawa inatoka. Sasa fikiria wenye zile tovuti, wengi hata hawakumbuki waliiweka lini hiyo plagini na kwa kazi gani.

Hapa nna kipimo changu ambacho kimenisaidia sana. Nikifungua WordPress ya biashara nikakuta plagini ya kubuking, juu yake plagini ya kurekebisha ile ya kubuking, juu yake vipande vya msimbo vilivyopestiwa kutoka mahali fulani ili hizo mbili zielewane, najua tayari hapa kuna mfumo wa kuandikiwa, isipokuwa hauna mwenyewe. Hakuna aliyeupanga, hakuna anayeujua wote, na apdeti moja ikiingia vitu vinakatika asubuhi wateja wakiwa mlangoni. Hao ndo wanaohitaji kuandikiwa kweli kweli, na mara nyingi gharama ya kuhangaika na ule mrundikano imeshapita ile waliyokuwa wanaiogopa.

Dalili nyingine naiona kwa wafanyakazi, wala siioni kwenye tovuti. Nikimkuta mtu anasoma oda kwenye barua pepe, anaiandika kwenye Excel, afu anaiandika tena kwenye programu ya uhasibu, afu anampigia mteja kumwambia imefika wapi, huyo mtu ndo mfumo wenu, na siku akiumwa kampuni nzima inaumwa. Kazi ya hivyo tovuti nzuri inaimeza yote na mteja anaona mwenyewe oda yake ilipo. Lakini angalia kwanza kama ile programu ya uhasibu na lile jukwaa vinaweza kuunganishwa kwa njia iliyopo, maana mara nyingi vinaweza, na hapo unakuwa umeokoa hela nyingi bila kuandikiwa chochote.

Dalili kubwa kuliko zote kwangu ni hii ya nani anaona nini. Kliniki ambayo mgonjwa anaingia kuona majibu yake. Ofisi ya mawakili ambayo kila mteja ana nyaraka zake. Kampuni ya kukodisha mitambo ambayo meneja wa tawi anaona mikataba ya tawi lake, mkuu anaona yote, mhasibu anaona malipo tu. Kampuni ya ajira yenye nakala za vitambulisho vya maelfu ya watu. Hizo sheria za nani aone nini zikiwa ni za kwenu tu na zikiwa na uzito, kuzilazimisha ziingie kwenye programu iliyotengenezwa kwa ajili ya blogu au duka ni hatari. Hapo andikiwa, na andikiwa na mtu anayejua.

Nasisitiza anayejua, kwa sababu kuna uongo unauzwa sana kwamba ya kuandikiwa ni salama kwa vile imeandikwa kwa ajili yako peke yako na wadukuzi hawaijui. Jamani hapana. Mei 2019 iligundulika kwamba tovuti ya First American, kampuni kubwa ya Marekani inayoshughulika na hati za umiliki wa nyumba, ilikuwa imeacha wazi nyaraka kama milioni 885, za tangu 2003, zenye namba za akaunti za benki, taarifa za mikopo na kodi. Paswedi haikuvunjwa, virusi hawakuwepo. Ukiwa na linki ya waraka wako mmoja unabadilisha namba iliyoko kwenye anwani, unaona waraka wa mtu mwingine, unabadilisha tena, mwingine. Mfumo ulijua kufungua waraka ila haukuuliza anayeufungua ni nani. Na hilo kosa ndo OWASP, wale jamaa wanaotoa orodha ya hatari kubwa za tovuti, waliliweka namba 1 kwenye orodha yao ya 2021, kumpa mtu kitu kisicho chake. Kosa hili linapatikana zaidi kwenye mifumo ya kuandikiwa kwa sababu kule kwenye jukwaa kuna watu maelfu wameshalipitia, kwako wewe limepitiwa na fundi mmoja aliyekuwa anakimbizana na tarehe.

Kipimo chake unaweza kukifanya mwenyewe bila kujua programu hata kidogo. Fungua akaunti mbili za majaribio kwenye mfumo wako. Ingia na ya kwanza, fungua ankara au waraka wake, kopi ile anwani ya juu. Toka, ingia na akaunti ya pili, pesti ile anwani. Ikifunguka, piga simu kwa fundi sasa hivi, usisubiri kikao. Mi hiki ndo kitu cha kwanza kabisa nafanya nikiletewa mfumo wa mtu niuangalie na nimeshaona ukurasa ukifunguka hivyo hivyo kwenye mfumo uliokuwa umekabidhiwa na kusherehekewa, na nafsi inaniuma nikiwaza watu ambao majina yao yako mle ndani na hawajui chochote.

Afu kuna lile la kufuli. Fundi anakuja anakuambia atakutengenezea "websaiti salama" na ushahidi wake ni ile alama ya kufuli karibu na anwani. Cheti cha kuleta hiyo https kinatolewa bure na Let's Encrypt tangu mwishoni mwa 2015, na tangu Julai 2018 Chrome inaiandikia tovuti isiyo nacho kwamba si salama, kwa hiyo hiki ni kitu cha lazima na cha kawaida. Kinafanya data isisomwe njiani, basi. Hakisemi lolote kuhusu kinachotokea data ikishafika. Ile tovuti ya First American ingekuwa na makufuli 10, nyaraka zingetoka vile vile, tena zikiwa zimesimbwa vizuri njiani. Anayekuuzia cheti kama ndo usalama wenyewe, mshukuru muachane.

Na ukishaandikiwa ndo kazi inaanza, hili watu hawalipangii hela. Equifax wa Marekani, kampuni inayotunza taarifa za mikopo ya watu, mwaka 2017 walikuwa na mfumo wao wa malalamiko ya wateja uliojengwa juu ya Apache Struts, ambayo ni programu huria inayotumiwa na kampuni nyingi, tundu likatangazwa Machi na dawa yake ikatoka Machi hiyo hiyo, wao kwenye ule mfumo hawakuiweka, wezi wakaingia Mei, na taarifa za watu kama milioni 147 zikaondoka. Mfumo wa kuandikiwa haumaanishi kila mstari ni wa kwako, chini yake kuna vitu vingi vya watu wengine na vyote vinahitaji kuangaliwa kila wiki. TalkTalk wa Uingereza, kampuni ya simu na intaneti, nao, 2015, waliingiliwa kwa njia ya kuchomeka amri za SQL, lugha ya kuongea na datubesi, kwenye ukurasa, mbinu ambayo imeandikwa hadharani tangu 1998, na kurasa zilizoingiliwa zilikuwa za zamani, walizirithi waliponunua kampuni nyingine na hawakujua kama bado ziko hewani. Wateja karibu 157,000 waliguswa, na 2016 wakapigwa faini ya pauni 400,000. Kwa hiyo mtu akiniuliza hii huduma ya kuandikiwa naipa nyota ngapi, jibu langu lina nusu mbili: ikiwa na mkataba wa matunzo nyota 5, ikiwa ya kuandikiwa na kuachwa nyota 1, na hiyo moja ni kwa ajili ya rangi.

Kitu kimoja hata ukiandikiwa usikubali kiandikwe kwako ni kupokea namba za kadi. Acha ile fomu ya malipo ibaki ya kampuni ya malipo, mteja aandike namba zake kwao, wewe urudishiwe tu taarifa kwamba kalipa, maana ukizishika wewe mzigo wote wa PCI DSS unakuangukia. Na hata hivyo bado ule ukurasa wako unaomfikisha kwenye malipo unahitaji ulinzi. British Airways mwaka 2018 wezi waliingiza mistari michache tu kwenye skripti moja ya tovuti, 22 kwa mujibu wa waliouchunguza, ikawa inakopi kila kadi inayoandikwa, watu zaidi ya laki 4 wakaguswa, na faini waliyolipishwa 2020 ilikuwa pauni milioni 20. Kwa hiyo skripti za ovyo ovyo kwenye ukurasa wa malipo, vihesabu wageni, vidirisha vya kuchati na wateja, matangazo, vitoe vyote.

Sheria nazo zinaamua sana hili swali siku hizi. Ukihudumia watu walioko Umoja wa Ulaya basi GDPR, sheria yao ya kulinda data za watu, inakuhusu tangu 25 Mei 2018 popote pale ulipo, na faini yake inaweza kufika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya mwaka duniani kote, kinachozidi ndo kinachotumika. Ila mi huwa siwatishi watu na faini, nawaonyesha yale masaa 72. Data ikivuja na kuna hatari kwa watu, una masaa 72 tangu ujue uwe umeitaarifu mamlaka, ni nini kimetoka na ni cha watu wangapi. Utajuaje kama mfumo wako hauandiki popote nani aliingia lini akafungua nini? Kwenye mrundikano wa plagini hiyo kumbukumbu mara nyingi haipo, kwenye jukwaa unapata kile walichoamua kukupa, kwenye mfumo wa kuandikiwa unaipanga kuanzia siku ya kwanza. Kwangu hii ni sababu nzito ya kuandikiwa kuliko muonekano wote duniani.

Sasa umeshaamua unataka kuandikiwa, huyo fundi unamjuaje. Muulize paswedi za wateja zitahifadhiwaje. Akikutajia bcrypt au Argon2, njia za kuihifadhi paswedi isisomeke hata na yeye mwenyewe, endeleeni na maongezi, akikuambia "zinahifadhiwa vizuri tu na mteja akisahau tunamtumia ile ile aliyoiweka", simama uondoke, maana kama anaweza kuisoma yeye hata mwizi ataisoma. Muulize bakapu, ila usimuulize kama ipo, wote watasema ipo, muulize mara ya mwisho waliirudisha lini ikafanya kazi. Muulize ukitangazwa udhaifu mkubwa Ijumaa usiku nani anashika simu, na jina hilo liandikwe kwenye mkataba. Drupal, programu nyingine ya kuendeshea tovuti kama WordPress, mwaka 2014 walitoa marekebisho ya tundu moja baya mno afu wakatangaza kwamba tovuti yoyote ambayo haikurekebishwa ndani ya masaa 7 ihesabiwe imeshaingiliwa. Masaa 7! Fundi anayekujibu kesho yake mchana hakufai kwa mfumo wenye siri za watu.

Domeini iwe kwa jina lako, akaunti ya seva iwe yako yeye umualike, msimbo ukabidhiwe kwako wote kila hatua na sio siku ya mwisho. Hili limeliza watu wengi sana, biashara inagombana na fundi afu inagundua haimiliki hata anwani yake. Na ukaguzi wa usalama ufanywe na mtu tofauti na aliyeandika, hata awe mzuri vipi, macho yake yameshazoea.

Usikubali pia kuzindua kila kitu kwa siku moja. HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kujiandikishia bima ya afya, ilifunguliwa 1 Oktoba 2013, ina wakandarasi kibao na hela ya kutosha, na siku ile ya kwanza waliofanikiwa kumaliza kujiandikisha walikuwa 6. Anza na sehemu moja, wateja wachache, irekebishwe, ndo uongeze.

Kwa biashara nyingi zilizofika pale katikati, mi napendekeza wagawe. Kurasa za nje, zile za kujitambulisha, huduma, picha na mawasiliano, ziache kwenye jukwaa la kulipia au WordPress nyepesi ambayo mtu wa masoko anaibadilisha mwenyewe bila kumsumbua fundi. Ile sehemu moja tu yenye siri au yenye kazi ya kipekee ndo iandikwe, ikae kwenye anwani yake ndogo, seva yake, datubesi yake, isishee hata paswedi moja na ile ya nje. Fundi anaandika kitu kidogo kwa hiyo anakiandika vizuri, mkaguzi anamaliza kukikagua, na ukurasa wa nje ukichezewa na mtu, nyaraka za wateja zinakuwa hazikuguswa. Huu mpangilio naupa nyota 5 bila masharti. Na ukija kugundua baadaye kwamba kuna programu ya kununua inayofanya ile kazi yako ya kipekee vizuri, unaondoa hicho kipande kimoja tu na tovuti nyingine inaendelea kama kawaida.